Mke Wangu Analala Ng'ambo ya Barabara

Mlioniacha zizini wiki iliyopita, ndoo mkononi na wakili mlangoni, nipo palepale. Swali lake bado linaning'inia: "Bwana Tveit, mkeo analala wapi?"

Kwa aliyekosa gazeti nitasema kwa kifupi, maana fedheha haihitaji maneno mengi. Mimi ni Orlin Tveit, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Minnesota. Mke wangu Ardis anagombea kiti cha Bunge la jimbo, kiti kilichokuwa cha marehemu baba yake. Baada ya sensa wakubwa walichora upya ramani ya maeneo ya uchaguzi, na mpaka ukapita katikati ya barabara yetu ya changarawe. Nyumba yetu ikaangukia kwa watu wengine. Nyumba ya ng'ambo ikabaki ndani.

Sheria inataka mgombea awe ameishi ndani ya eneo lake miezi sita kabla ya kura. Ardis akafungasha sanduku, akavuka barabara, akapanga chumba cha juu kwa mwenye nyumba ile ya ng'ambo.

Mwenye nyumba ni Milo Haugdahl. Ni mgane, mtanashati, na akicheza polka wanawake wanaacha kahawa zao zipoe. Ndiye aliyemvisha Ardis pete kabla yangu.

Alfajiri mke wangu anavuka kuja kukamua nami. Anapika jikoni kwangu, anafua, anazunguka kuomba kura. Ng'ombe wakishakamuliwa jioni, anachukua begi lake na kuvuka. Mchana mke wangu, usiku mpangaji wa Milo. Mimi hata kura ya kumpigia sina, kwa kuwa mpaka umenitupa nje.

Basi wakili.

Aliitwa Prentiss, alivaa viatu vya mjini, na alikuwa akichagua pa kukanyaga. Alitumwa na Duane Kessler, muuza mbegu za mahindi, ambaye ndiye anayekikalia kiti sasa.

"Swali ni jepesi, mzee," alisema. "Analala nyumba ipi?"

"Kwa nini usimuulize mwenyewe?"

"Tumemuuliza. Anasema ng'ambo. Lakini ng'ombe wake wako huku, jiko lake liko huku, nguo zake zinaanikwa huku, na mume wake yuko huku. Sisi tunasema kule ni geresha. Tumefungua kesi, na Alhamisi utaitwa kizimbani."

"Nikisema analala huku?"

"Jina lake linatoka kwenye karatasi ya kura. Atarudi kwako siku hiyohiyo."

"Na nikisema analala kule?"

Akajikuna kidevu, kana kwamba jambo hilo linamuuma yeye kuliko mimi.

"Hapo utakuwa umeapa mbele ya kaunti nzima kwamba mke wako analala kwa Haugdahl. Mimi ni mtu wa sheria tu, sina neno. Ila ningekuwa wewe, ningependa mke wangu alale kwangu."

Akageuka kuondoka. Ng'ombe wangu mmoja akamfanyia hisani juu ya kiatu, lakini hata hilo halikunichekesha.

Niseme wazi: nilitaka kudanganya. Neno moja tu, na sanduku la Ardis lingerudi chini ya kitanda chetu. Uongo huo ulinikaa mdomoni mtamu kama sukari guru.

Msinihukumu kabla hamjajua kiti hiki na mimi tumetoka wapi.

Mzee Nels Ostby, baba yake Ardis, alikikalia tangu barabara hizi zikiwa matope. Hakuna aliyethubutu kumpinga. Kisha akajitokeza rafiki yake wa kanisani, Haugdahl mkubwa, baba yake Milo. Waligombana juu ya daraja lijengwe wapi. Wakati huo Ardis na Milo walikuwa wachumba, na keki ya harusi ilishaagizwa.

Kura zikahesabiwa, zikalingana. Zikarudiwa, zikalingana tena. Kwetu kura zikilingana, sheria inaamuru ipigwe bahati nasibu. Karani wa kaunti alivua kofia yake, majina mawili yakatiwa ndani, mkono ukaingia. Likatoka la Haugdahl.

Nels hakumsemesha tena mtu wa ukoo ule mpaka anaingia kaburini. Pete ya Milo ikarudishwa. Na mimi, kijana wa kiwanda cha siagi, nikaitwa kwenda kung'oa mabango ya mzee mashambani. Ardis alikuja kunisaidia, huku akilia. Sikung'oa kwa haraka.

Uchaguzi uliofuata ulitukuta mume na mke.

Watu wa hapa wakisimulia kiti kile huhesabu: Ostby, Haugdahl, Kessler mjomba, Kessler mpwa. Wao wanahesabu wabunge. Mimi nasikia jambo lingine. Mkono wa karani ungegusa karatasi ya pili, Ardis angekuwa mke wa Milo, nami ningekuwa jirani wa kupelekewa biskuti Krismasi. Milo aliangushwa na kofia, mimi nikapita bila kupigiwa kura. Mtu aliyeoa hivyo halali usingizi mzito, hasa akiwa peke yake.

Ndiyo, mimi huchungulia. Mnataka nifiche nini tena? Kila jioni akishavuka, nazima taa ya jikoni na kuketi kwenye kiti kilicho karibu na jokofu. Taa ya chumba cha juu inawaka. Namwona anachana nywele, anasoma hotuba zake, anasogeza midomo. Kisha taa inazimika, na moyo wangu unaanza kazi yake.

Nyuma ya ghala la Milo kuna kibomba cha bati kinachotoa moshi jioni hizo zote. Nikawa najisemea, tazama mtu huyu, ana mke wa mwenzake ndani na bado anapata muda wa kukausha samaki.

Jumanne ilikuwa karamu ya kanisa, katika ukumbi wa chini, samaki wa kulowekwa magadi kama kila mwaka kabla ya theluji. Sikutaka kwenda. Lakini kwetu ukikosa karamu ile watu wanadhani umekufa, na wanakuja na vyakula.

Nilikuta Lester, kinyozi wangu, ameninyakulia nafasi mezani.

"Orlin, kaa hapa. Vipi kitanda? Siku hizi unajinyoosha vizuri?"

"Kula samaki wako, Lester."

"Nauliza tu. Mke wangu amesema naye anataka kugombea. Nimemwambia asubiri kwanza tujue Milo ana vyumba vingapi."

Meza nzima ikacheka. Mimi pia nikacheka, kwa meno ya mbele tu.

Milo mwenyewe alikuwa amefunga aproni, anagawa chapati za viazi kwa siagi na sukari. Alipofika kwangu akaniwekea mbili.

"Jirani," alisema kwa upole wake ule unaonikera, "umekonda. Kula."

"Nakula kwangu."

"Hilo halina ubishi."

Ardis alikuwa upande wa pili akisalimia wapiga kura. Milo alimnong'oneza neno, naye akacheka huku ameshika pindo la aproni ya Milo. Kicheko kile nakijua. Nilimchekesha hivyo zamani, tukiwa na bango la baba yake mabegani.

Kisha Milo akapanda kiti kushusha birika kubwa la kahawa kabatini. Suruali ikapanda, nami nikaziona soksi.

Soksi za sufu, za kahawia, mstari mwekundu juu. Ardis alizifuma jikoni kwangu, mbele ya macho yangu, Septemba nzima. Nilikuwa nimeshaanza kuzinyooshea miguu.

Niliacha samaki, chapati na kahawa. Nikatoka bila kumuaga mchungaji.

Kesho yake alfajiri, tukiwa zizini, sikumsubiri hata afunge kilemba chake cha kazi.

"Soksi zile ni za nani?"

"Soksi zipi?"

"Za kahawia. Mstari mwekundu."

"Za Milo."

Alisema hivyo tu, kama mtu aliyeulizwa saa. Akamfunga ng'ombe mashine ya kukamulia na kusogea kwa wa pili.

"Unamfumia Milo soksi."

"Miguu yake inapata baridi."

"Wewe umejuaje kama miguu ya Milo inapata baridi?"

"Sogeza ndoo hiyo, Orlin."

"Nimekuuliza."

"Na mimi nimekwambia usogeze ndoo."

Nikaisogeza. Miaka yote ya ndoa yetu nimekuwa nikisogeza ndoo.

"Kesho nitaulizwa unalala wapi," nikasema.

"Najua. Sema unachokijua."

"Ninachokijua ndicho kinachoniua."

Hapo akasimama, mikono kiunoni.

"Siku ya kwanza Milo alikwambia nini? Njooni wote wawili, chumba kipo. Ukajibu nini? Afadhali nilale na ng'ombe. Haya, ng'ombe hawa hapa."

"Silali chini ya paa la Haugdahl."

"Basi anayelala muache."

"Kiti hicho kina nini, Ardis? Kessler akikikalia, ng'ombe wanakosa nini?"

"Baba yangu alinyang'anywa na kofia," alisema, na sauti yake ikawa ya msichana yule wa mabango. "Hakushindwa na mtu, alishindwa na kofia. Mimi nataka nishindane na watu. Nimekaa nawe umri wote huu, sijakuomba kitu kikubwa. Nimekuomba miezi sita. Sita tu, Orlin."

Nikasogeza ndoo nyingine. Ila wivu haukusogea, wenyewe ulishashiba soksi.

Alhamisi mahakama ya kaunti ilijaa hadi ngazini. Lester alifunga duka lake la kinyozi. Wanawake walikuja na vitambaa vya kufuma, kama wanaokwenda kukaa kutwa. Kessler alikuwa mbele, ametulia, anatoa tabasamu lake la kuuzia mbegu. Prentiss aliniona, akanipa ishara ndogo ya kichwa, na mimi, Mungu anisamehe, nikairudisha.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Milo. Aliapa, akaketi, akaanza kuzungusha kofia yake magotini.

"Bwana Haugdahl," alisema Prentiss, "Ardis Tveit analala nyumbani kwako?"

"Nimempangisha chumba."

"Sikuuliza hivyo. Analala humo?"

"Hilo siwezi kuapa."

Kelele zikazuka. Jaji Amundsen, mzee mwenye kikohozi, akagonga meza.

"Huwezi kuapa kwa vipi? Ni nyumba yako."

"Nyumba ni yangu, mheshimiwa, lakini mimi silali humo. Tangu alipohamia nalala kwenye kibanda changu cha barafu."

Kwetu kila mwanamume ana kibanda cha mbao cha kukokota hadi ziwani maji yakishaganda. Unakaa ndani, unatoboa tundu, unavua, na jiko dogo la kuni, bomba lake limetokeza paani, linakupasha mgongo. Msimu wa joto kibanda kinakaa nyuma ya ghala. Hakuna mtu mwenye akili anayelala humo nchi ikiwa kavu.

"Miezi yote hii?" jaji aliuliza.

"Mke wa mtu ni mke wa mtu. Nilimwachia funguo. Jioni ananiletea supu, nafunga mlango wangu. Kama analala kule juu au anavuka kurudi kwao, mimi sioni. Kibanda hakina dirisha."

Mahakama ilicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshika benchi. Kile kibomba kinachotoa moshi. Zile soksi. Mtu anayelala kwenye mbao nyuma ya ghala miguu yake itakosaje baridi?

Furaha niliyoipata ingetosha kunifanya niimbe. Ikadumu muda wa kupenga kamasi tu, halafu kikaja kitu kingine. Ardis alijua. Jioni zote alizompelekea supu, alijua kwamba nyumba ile haina mwanamume ndani. Neno moja lingenipa usingizi, na hakunipa.

Prentiss naye alikuwa na furaha yake.

"Mheshimiwa, mwenye nyumba mwenyewe hajui. Basi hakuna kiumbe chini ya jua anayeweza kuapa kwamba mama huyu amelala ng'ambo ya barabara."

"Yupo," alisema Ardis.

Alikuwa amesimama. Kifuani alikuwa amebandika kifungo cha kampeni ya baba yake, rangi imeshachujuka.

"Ni mume wangu. Kila jioni anazima taa na kuketi gizani karibu na jokofu, akinichungulia. Anadhani sijui. Ndiyo maana pazia langu sijalifunga hata siku moja."

Kaunti nzima ikageuza shingo kunitazama. Lester alifumba macho kwa furaha, kama mtu anayeonja asali.

Masikio yangu yaliwaka. Lakini lililoniumiza halikuwa vicheko. Kule juu, jioni baada ya jioni, akichana nywele polepole chini ya taa, alijua kwamba naangalia. Je, aliniachia pazia wazi kwa kuwa ananipenda, au kwa kuwa alihitaji shahidi? Ilinijia hapo, kwa mara ya kwanza, kwamba labda nimemwonea wivu mtu asiyehusika. Milo ana miguu baridi tu. Mwenye mke wangu ni kiti.

Nikaitwa. Nikaweka mkono juu ya Biblia.

"Bwana Tveit," Prentiss alisema kwa sauti laini, "mkeo analala wapi?"

Kessler aliinama mbele. Uongo wangu mtamu ulikuwa palepale ulimini, tayari. Nilimtazama Ardis. Hakunisihi. Alikuwa ameshika kile kifungo cha baba yake kwa vidole viwili, kama siku ile alivyoshika msumari wa bango akiogopa usimdondoke.

"Ng'ambo ya barabara," nikasema. "Kwa Milo Haugdahl. Chumba cha juu."

"Umejuaje?"

"Nachungulia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata siku niliyokuwa na homa."

Walicheka mpaka mwanamke mmoja akaangusha sindano zake za kufumia. Jaji akakohoa, akasema mume mwenye wivu ni saa isiyokosea, na kwamba jina la Ardis Tveit linabaki kwenye karatasi ya kura.

Nje, kwenye ujia, Ardis alinishika mkono wa koti. Kwetu watu hawashikanishikani hadharani, kwa hiyo nilijua ni jambo zito.

"Asante," alisema.

"Kura zikiisha, unarudi."

Akatazama ngazi za mahakama.

"Ardis. Zikiisha, unarudi."

"Nikishindwa, narudi."

"Na ukishinda?"

"Mbunge lazima aishi ndani ya eneo lake, Orlin. Kipindi ni miaka miwili. Nilidhani umelifikiria."

Sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimehesabu miezi sita kama mfungwa, na ulimi wangu mwenyewe ukaniongezea kifungo.

Milo alipita karibu yetu akivaa kofia, anakohoa kikohozi kibaya.

"Jirani," alisema, "maneno yangu ni yaleyale. Chumba kinatosha wawili. Na baridi imeanza."

Ningesema ndiyo. Neno lilikuwa jepesi, na Ardis alikuwa ananitazama kana kwamba analisubiri. Lakini Lester alikuwa amesimama pale, masikio wazi, na watu wote wale walikuwa wametoka kunicheka.

"Kalale na samaki wako," nikamwambia Milo.

Ardis akaachia mkono wa koti langu.

Jioni tulikamua, kila mmoja upande wake. Alisafisha mashine, akaning'iniza kilemba, akachukua begi. Mlangoni alisimama kidogo. Nilijifanya natafuta kitu kwenye majani ya ng'ombe. Alipovuka barabara hakutazama nyuma.

Sikuzima taa ya jikoni safari hii, kwani siri ilishakwisha. Nikaketi karibu na jokofu, kaunti nzima ikijua nipo. Taa ya juu ikawaka kama kawaida. Ardis akaja dirishani, akanitazama moja kwa moja, akainua mkono. Nikainua wangu, nikidhani ananipungia.

Akafunga pazia.

Nikageuza macho nyuma ya ghala la Milo. Kibomba hakikuwa na moshi.